Kofia Ilale Kwenye Karatasi Kwanza

Mvua za kwanza zikishalowesha Dodoma, kumbikumbi huruka, na siku chache baadaye simu yangu hujaa picha za uyoga. "Mtaalamu, huu unalika?" Jibu langu ni lilelile: kwa picha sijui, ulete wenyewe, tena na mzizi wake.

Kikundi chetu cha wapenda uyoga hakina ofisi. Tuko kumi na kitu: walimu, seremala, wanafunzi wa chuo, na bibi mmoja wa Chamwino anayevijua vichuguu vya kijijini kwao kama wajukuu zake. Jumamosi alfajiri tunatoka na vikapu. Mfuko wa plastiki hapana, maana humo uyoga hutoka jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani. Mwaka tukipata usafiri, tunakwenda milima ya Chenene kwenye miyombo. Kule uyoga mwingi huishi na mizizi ya miti: unaupa mti maji na madini, mti unaulipa sukari. Miti ikishageuzwa mkaa, mvua inyeshe itakavyo, uyoga ule huuoni tena.

Ila mapenzi yangu yako kwenye kichuguu. Juzi kijana mmoja alishika shina avute, bibi akamzuia. "Usivute, mjukuu wangu. Chimba." Tukachimba polepole kwa kijiti. Mzizi ulishuka kupita kiwiko changu, ukizidi kuwa mwembamba, hadi ukaishia kwenye kitu cha kahawia chenye matundu kama sifongo, kimetapakaa vidoa vyeupe vidogo kuliko punje za uwele. Ile ndiyo bustani ya mchwa. Wanatafuna miti na majani makavu, wanayarundika pale, uyoga unayalainisha, nao wanakula. Ndiyo maana huoni mkulima akiuotesha kwenye mifuko kama anavyootesha uyoga wa mamama. Labda aajiri mchwa. Tulifukia shimo tukaondoka na uyoga sita.

Hakuna anayebandika sufuria siku hiyohiyo. Kwanza tunakata shina, tunalaza kofia kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu manila nyeusi, tunafunika kwa bakuli mpaka kesho. Chini ya kofia kuna matamvua, vile vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na usiku kucha humwaga vijimbegu laini kuliko unga. (Wakulima wa mamama wakisema "mbegu" wanamaanisha kitu kingine, nafaka kama mtama iliyoshikwa na utando mweupe.) Asubuhi rangi inajisema yenyewe: uyoga wa kichuguu huacha waridi hafifu, na mweupe usioonekana kwenye karatasi nyeupe utauona kwenye manila.

Sheria hii nimeilipia kwa tumbo langu. Nikiwa kijana mwenye cheti kipya, nilichuma uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Matamvua yalikuwa bado meupe, nikajiaminisha, nikapika na karanga. Hayakupita masaa matatu nikawa natapika huku nimekumbatia ndoo. Uyoga ule matamvua yake hugeuka kijani ukikomaa, na vijimbegu vyake ni vya kijani. Karatasi ya shilingi mia ingeniambia.

Hata hivyo karatasi haitoi ruhusa ya kula. Uko uyoga wenye sumu unaoacha waridi, na ule unaoua ini huacha mweupe. Huo wa ini hausumbui mapema: mara nyingi mtu hula, akalala salama, tumbo likaanza masaa sita au zaidi tangu ale. Kupika hakuondoi sumu yake. Wala vitunguu kubadilika rangi sufuriani, wala wadudu kuula, si kipimo cha chochote. Ukishakula ukashtuka, kimbia hospitali na mabaki ya uyoga mkononi.

Jumapili baada ya ibada walikusanyika barazani kwangu kufunua mabakuli. Ya kichuguu yote waridi. La mwisho lilikuwa la mwanafunzi aliyeokota wake uwanjani, na alikuwa ameshanunua karanga. Akainua: duara la kijani, kila mstari wa tamvua umechorwa. Bibi akaitazama karatasi, akalitazama tumbo langu, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.