Limepanda "kwa" nyuzi ngapi, au "hadi" nyuzi ngapi?

Juzi redioni nimelisikia tena kosa la kugeuza nyuzi. Msomaji wa habari, dada mwenye sauti tulivu, alikuwa akieleza Mkataba wa Paris wa 2015: mataifa yajitahidi joto la dunia lisipande kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi, "yaani Farenhaiti 34.7". Dunia ikipanda kwa Farenhaiti 34.7, hatabaki mtu wa kusoma habari wala wa kuzisikiliza.

Hesabu yake haikupotea hata nukta. Zidisha 1.5 kwa 1.8 upate 2.7, ongeza 32, ndiyo hiyo 34.7. Isipokuwa alikuwa anajibu swali ambalo hakuulizwa. Halijoto ni mahali kwenye kipimo. Tofauti ya halijoto ni umbali kati ya mahali pawili. Ukigeuza mahali kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, lazima ujue sifuri ya kila kimoja imewekwa wapi. Ukigeuza umbali, unahitaji kujua ukubwa wa uzi mmoja tu. Maana yenyewe imeishia hapo.

Nadhani neno letu "nyuzi" linachangia kutuchanganya, maana uzi haukumbushi hatua, unavutwa tu. Waarabu husema "daraja", na sisi neno hilo tumelichukua, lakini siku hizi wengi wetu tukilisikia tunaona mto na watu wanaovuka. Tumesahau kuwa daraja ni kipandio pia, ndiyo maana mwanafunzi hupata daraja la kwanza. "Digrii" imetujia kupitia Kiingereza, nacho kiliitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni "gradus" ya Kilatini, yaani hatua. "Sentigredi" ni hatua mia, basi. Mtu akikwambia amepanda vidato vitano, humuulizi kwanza ghorofa aliyoanzia.

Na 32 ni ghorofa. Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyeishi Amsterdam, alieleza kipimo chake mwaka 1724. Sifuri aliiweka kwenye baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, kwa hiyo barafu tupu ikaangukia 32. Namba hiyo inakwambia barafu inakaa wapi kwenye kipimo chake, basi. Kutoka hapo hadi maji yachemke ni hatua 180. Selsiasi ni 100. Kwa Réaumur, Mfaransa aliyetoa kipimo chake mwaka 1730, ni 80. Kwa hiyo nyuzi 4 za Réaumur ni nyuzi 5 za Selsiasi na nyuzi 9 za Farenhaiti, popote unapoanzia.

Kipimo cha Réaumur kilitamba Ufaransa, Ujerumani na Urusi kabla ya kuachwa, na bado kinawanasa watu. Mwaka 1869 mhandisi Minard alichora jinsi jeshi la Napoleon lilivyopukutika kwenda Moscow na kurudi mwaka 1812, na chini ya mchoro akaweka mstari wa baridi ya safari ya kurudi. Tarehe 6 Desemba ameandika 30 chini ya sifuri, tarehe 7 ni 26 chini ya sifuri. Asiyesoma maandishi madogo hudhani ni Selsiasi, kumbe ni Réaumur: ile 30 ni 37.5 za Selsiasi chini ya sifuri. Kati ya siku hizo mbili baridi ilipungua kwa nyuzi 4, yaani 5 za Selsiasi, yaani 9 za Farenhaiti. Ukitumia kanuni ya dada yetu unapata 41, na wale askari maskini wangepata nafuu ambayo hawakuipata.

Tazama lakini: kati ya Réaumur na Selsiasi huwezi kulikosea jambo hili, kwa sababu sifuri zao zote mbili ziko penye barafu. Unazidisha kwa 1.25, iwe mahali, iwe umbali. Aliyezoea vipimo vya namna hiyo hajawahi kulazimika kutenganisha mambo haya mawili, mpaka akutane na Farenhaiti.

Vipo vilivyokuwa na visa zaidi. Cha Delisle, kilichotumika Urusi karne ya 18, kilianza 0 maji yanapochemka kikahesabu hadi 150 yanapoganda, kwa hiyo joto likipanda namba inashuka. Hata Celsius mwenyewe, mwaka 1742 kule Uppsala, aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda; hiki tunachokitumia leo ni kipimo chake kilichopinduliwa. Hapo ukigeuza umbali ni lazima ugeuze alama pia, lakini sifuri bado huigusi.

Sasa dada yangu wa habari, na wenzako mnaotafsiri usiku wa manane: lugha yetu imekwisha kuwarahisishia kazi. Sentensi ikisema joto limefika "hadi" nyuzi fulani, zidisheni kwa 1.8 kisha ongezeni 32 bila wasiwasi. Ikisema limepanda au limeshuka "kwa" nyuzi fulani, zidisheni kwa 1.8 mkomee hapo. Ile ya Paris ni 2.7.