Noti 65 za Dar es Salaam ni zilezile Nduli

Nimeisikia tena wiki hii imani ile kuhusu kutua Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, na safari hii kutoka kwa rubani mwenye leseni: "Mwalimu, Nduli iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo nikija kutua naongeza noti 10." Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa. Hapana. Usiongeze. Hizo noti 10 zinavunja gurudumu la mbele na kupinda propela, halafu lawama wanatupiwa upepo na breki.

Saa ya mwendo haipimi mwendo. Inapima msukumo wa hewa inayoingia kwenye pitoti, yaani kimrija kinachoelekea mbele, kisha inausoma kwa noti. Bawa nalo linabebwa na msukumo huohuo. Hewa ikiwa nyepesi, bawa na saa vinapungukiwa pamoja. Ndiyo maana ndege ndogo ya Cessna 172 yenye uzito uleule na flapu zilezile (vibao vya nyuma ya bawa) itastoli, yaani bawa litaacha kuibeba, Iringa kwenye namba ileile iliyostolia Dar es Salaam. Unyepesi wa hewa umeshahesabiwa ndani ya saa. Ukiongeza noti kwa ajili yake, unalipa deni lisilokuwepo.

Kinachobadilika ni mwendo wako juu ya ardhi. Nduli iko karibu futi 4,700. Mwezi wa Oktoba mchana, joto likifika digrii 28, ndege inaiona hewa ile kama ya futi 7,300 hivi. Noti 65 kwenye saa, mwendo wa kuja kutua wa 172, zinakuwa karibu 72 za kweli, hata bila upepo wa mgongo. Nishati ya kuimaliza kwenye barabara ya kutulia imeshapanda kwa karibu robo, nawe hujakosea kitu. Sasa weka zile noti 10 zako: kwenye saa 75, kweli karibu 84, na nishati imezidi ile ya noti 65 za kweli kwa theluthi mbili hivi. Hakuna breki ya ndege ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya ukaidi huo.

Na kabla hujafikia breki, ndege haitaki kukaa. Karibu na ardhi ukinzani unapungua, inaelea tu, barabara inaisha mbele ya macho. Rubani anaingiwa na hofu, anasukuma usukani ili aikalishe kwa nguvu. Gurudumu la mbele linagusa kwanza, pua inarushwa juu, anasukuma tena, inadunda tena, na kila mdundo ni mbaya kuliko uliopita. Kwenye 172 mguu wa mbele umefungwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha rubani. Baada ya kutua kwa mtindo huo, fungua kava ya injini umulike tochi sehemu ya chini ya ukuta ule: bati limejikunja, ribiti zimelegea. Kwa nje ndege inang'aa kabisa, na kesho yake mtu anapakia familia.

Imani hii haikuzuka bure, na hapa nataka nieleweke. Ukizoea pwani, ukija Nduli, au Njombe ambako ni zaidi ya futi 6,000, ardhi inakukimbilia kuliko ulivyozoea. Jicho linakwambia una kasi mno. Mkono unapunguza injini, pua inapanda, na saa inashuka chini ya 60 bila wewe kuitazama. Hapo kweli kuna kifo. Nadhani kuna mwalimu aliyewaonya watu juu ya hilo, na onyo likageuka kuwa "ongeza 10". Hofu ilikuwa sahihi, dawa ndiyo si yake. Dawa ni kuliacha jicho liseme linavyotaka, wewe ukashika namba ya kitabu.

Namba hiyo nayo ni ya ndege iliyojaa. Ukiwa peke yako na mafuta nusu, 65 tayari ina ziada.

Upepo wa vishindo ni suala jingine: tunaongeza nusu ya kishindo, yaani nusu ya noti ambazo upepo unaruka juu ya kawaida yake, na mimi nafundisha hivyo. Ila hiyo nusu ni mazoea ya marubani tu, haikutoka kwenye hesabu. Kwenye viwanja vya udongo visivyo na mnara, kishindo chenyewe nakikadiria kwa soksi ya upepo, tena iliyochanika. Kuna siku naongeza noti 3 na siku nyingine 5, na siwezi kukuthibitishia ipi ilikuwa sahihi.

Jambo la mwisho, maana wengi wanalisahau. Ukielea hadi theluthi ya kwanza ya barabara inapita, acha kutua, paa tena. Lakini kama ulisukuma kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa mpaka ndani, ambako mafuta ni mengi kabisa, kwa kuwa orodha uliyokariri pwani inasema hivyo, injini ya Nduli itapokea mafuta mengi kuliko hewa yake, itakohoa na kukunyima nguvu wakati unazihitaji zote. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla hujaingia mstari wa kutua, kama kitabu cha ndege yako kinavyoelekeza kwa mwinuko ule.