Vibao vya kugonganisha mkononi: wanayosema watu na ukweli wake

Kikundi kipya cha ngoma kikianzishwa hapa Amu, yaani Lamu, mazungumzo huwa juu ya kinanda, spika na sare. Vibao havitajwi. Siku ya shughuli mtu ataokota vipande viwili vya ubao uani, atavipangusa vumbi, basi vimeshakuwa ala ya muziki. Halafu watu wanashangaa kwa nini vinalia kama mtu anayepigilia misumari nyumba ya pili. Mimi ni seremala, na kazi hii ndogo huja kwangu mara nyingi, ya shule, ya vikundi vya kasida, ya vijana wa bendi. Kila anayekuja ana lake alilolisikia, na mengi si kweli.

"Ni mbao mbili tu, zikigongana zinalia"

Zinalia, ndiyo, lakini mlio wenyewe umeshaamuliwa kwenye msumeno. Ukikata fimbo ya mti mgumu yenye urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2, mlio wake utakuwa karibu na mitetemo 2,000 kwa sekunde, sauti kali inayopenya. Kata nyingine ya sentimita 30, unene sentimita 1.5, mti ule ule: utashuka hadi kwenye 700 hivi. Mlio hupanda kadiri ubao unavyokuwa mnene, na hushuka kwa mraba wa urefu. Kwa hiyo ukiikata fimbo nusu, mitetemo yake huwa mara nne, wala si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Upana ndio usiobadilisha sana mlio. Kazi yake ni uzito na namna kibao kinavyokaa mkononi.

Kwa fundi, maana yake ni hii: kosa dogo la urefu ni kubwa kuliko kosa kubwa la upana. Anayetaka mlio upande apunguze urefu kidogo kidogo huku akisikiliza, na anayetaka ushuke apitishe randa kwenye unene, hasa sehemu ya katikati. Kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo anza na ubao mrefu kuliko unaouhitaji.

Lakini hata fimbo iliyokatwa vizuri huuawa na mkono. Inapogongwa, katikati yake na ncha zake hucheza, ila kuna sehemu mbili zinazotulia, kila moja iko kiasi cha asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Kwa fimbo ya sentimita 20 ni kama sentimita 4.5. Ukishika hapo, inalia kwa uhuru. Ukiikamata katikati kwa ngumi, utasikia "to" fupi isiyo na mwangwi. Wanaotaka kuona kwa macho wachukue ubao bapa mrefu kidogo, waulaze juu ya vipande viwili vya sponji, wanyunyize mchanga mkavu wa ufuo wa Shela, kisha wagonge katikati taratibu, mara nyingi. Mchanga utahama na kujipanga mistari miwili. Hapo ndipo vidole vinapotakiwa kukaa.

Na kiganja nacho ni sehemu ya ala. Mpigaji anayejua hukunja vidole vya mkono wa kushoto, akaacha uwazi chini ya fimbo, ikalala juu ya ncha za vidole na shina la kiganja bila kubanwa. Ule uwazi ndio sanduku la sauti. Funga kiganja, mlio unakonda, fungua, unajaa. Nimeona watu wakirudisha vibao kwa fundi wakidai vimeharibika, kumbe aliyevipiga mara ya kwanza alikuwa na mkono mwepesi na aliyevirithi ana mkono wa kubeba mawe.

"Bila mpingo hakuna sauti"

Mpingo ni mti wa heshima. Klarineti na obo, ala za kupuliza za Ulaya, hutengenezwa kwa mti huu huu wa Afrika, na ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Vibao vya mpingo hulia kwa ukali kwa sababu nyuso ngumu zikikutana hugusana kwa muda mfupi sana, na mguso mfupi ndio unaotoa sauti za juu. Ila si kila wimbo unataka ukali huo. Katika kasida ya sauti za watoto, kibao cha mpingo kinaweza kuwafunika waimbaji. Cha mwembe au mwarobaini hutoa mlio mzito, wa upole, unaokaa chini ya sauti zao.

Jambo linaloharibu vibao vyetu kuliko aina ya mti ni unyevu. Hewa ya pwani ina maji, na ubao mbichi hulia kwa uvivu hata ukiwa wa mbambakofi. Kausha kivulini, kwenye upepo, usiuanike juani ukapasuka. Paka nta kwenye ncha zote mbili, maana maji hutoka kwa kasi zaidi nchani kuliko ubavuni, na hapo ndipo mipasuko huanzia. Namna ya kupima ni rahisi: uning'inize ubao kwa uzi, uugonge kwa kifundo cha kidole. Mkavu hujibu na kuendelea kidogo, mbichi hujibu na kunyamaza.

Mabaki ya mbao kwa waundaji wa mashua wa kijiji cha Matondoni yanatosha kwa vibao vya kijiji kizima. Sioni sababu ya kukata mti mzima kwa ajili ya vijiti viwili, na wala usiingie mikokoni na panga. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kuikata kunahitaji kibali.

"Vikubwa ndivyo vinavyosikika mbali"

Hapana. Vikubwa vina mlio wa chini, na mlio wa chini ndio ule ule wa ngoma, kwa hiyo vinamezwa. Sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu vijiti viwili vya urefu wa shubiri vinasikika juu ya ngoma za msondo, chapuo na vumi zikipigwa pamoja, wakati mbao mbili za ukubwa wa kitabu hazisikiki. Wenye vibao vikubwa huongeza nguvu za mkono, wakachoka kabla ya ubeti wa pili.

"Nyuso zipigwe randa zilingane kabisa"

Inategemea unataka nini. Mbao mbili bapa zilizolingana zikikutana, hewa iliyo katikati hukimbia kwa ghafla na kutoa mlio wa kofi. Okestra za Ulaya zina ala ya namna hiyo, mbao mbili ndefu zenye bawaba, ya kuigiza mlio wa mjeledi. Ukitaka mlio safi wa mti, usitake uso wote uguse: pitisha msasa uso mmoja ubinuke kidogo tu katikati, kiasi cha kuona mwanga pembeni ukiviweka pamoja. Na ukichimba shimo la duara ndani ya kila kimoja, kama kastaneti za Hispania, uwazi ule huongeza sauti nzito. Vifuu viwili vya nazi vinafanya hivyo bila patasi, na mtoto wa Malindi anayevigonganisha hajui kwamba ana ala ya jamii moja na ya Wahispania.

Kuhusu asili, hapa nako kuna dhana. Wengi huamini vibao vililetwa na Wazungu pamoja na muziki wa shule, au na Waarabu. Lakini Wamisri wa kale walikuwa navyo maelfu ya miaka iliyopita, jozi zilizochongwa kwa meno ya kiboko, zikifuata mpindo wa jino lenyewe, na mara nyingi ncha zake zimechongwa mfano wa kiganja cha mtu. Wagnawa wa Moroko wanagonganisha vyuma viwili viwili mikononi. Kuhusu vijiti viwili vya kugonganisha vya Kuba, mtaalamu wa huko, Fernando Ortiz, alieleza kwamba asili yake ni vigingi vya mti vilivyotumika kuunda merikebu katika bandari ya Havana. Hoja hiyo hainishangazi hata kidogo. Mtu wa Matondoni hahitaji kuelezwa kwamba kigingi kikavu cha mti mgumu kinalia. Santuri za Kuba zilipoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, bendi za huku zilividaka vijiti hivyo mara moja, na waliovikosa waligonga chupa ya soda.

Kayamba, kwa njia, haimo katika jamii hii. Wagiriama huitengeneza kwa matete yaliyopangwa bapa, mbegu zikiwa ndani, nayo hutikiswa. Mpangilio wa ala uliotolewa na wataalamu wa ala Hornbostel na Sachs mwaka 1914 unatenga ala za kugonganisha na za kutikisa, na anayepanga bendi angefanya vivyo hivyo, kwa sababu moja hutoa pigo na nyingine hujaza nafasi kati ya mapigo.

"Pembe halisi haina mbadala"

Akina mama wa Lamu wanaocheza vugo harusini hugonga pembe ya nyati kwa kijiti. Pembe mkono mmoja, kijiti mkono wa pili, na wakiwa kumi au ishirini wanaotembea barabarani kwa wimbo mmoja, mlio ule hauna mfano. Mwenye pembe ya bibi yake anayo. Lakini kijana anayetaka kuanza leo ajue kwamba uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inafanya kumiliki kiungo cha mnyamapori bila kibali kuwa kosa. Pembe ya ng'ombe mkubwa, iliyochemshwa ikatolewa mfupa wa ndani na kukaushwa vizuri, hulia vya kutosha. Ni nyembamba zaidi, kwa hiyo tumia kijiti chembamba pia.

"Ukivifunga kwa kamba, kazi imekwisha"

Wanaotaka vibao vya mkono mmoja hutengeneza ubao wa kati wenye mpini, na vibao viwili vya pembeni vinavyocheza kwa kamba. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kamba ikikazwa, vibao havifunguki. Ikilegea, kila mkupuo hutoa mapigo mawili badala ya moja, na wimbo wa watoto unaanza kukimbia. Toboa matundu sentimita moja na nusu kutoka ukingo wa chini, yalingane katika mbao zote tatu, upana wake uzidi kamba kidogo tu. Kisha funga fundo la muda, tikisa, sikiliza, sogeza fundo, tikisa tena. Kibao cha pembeni kifunguke kiasi cha upana wa kidole gumba, kisizidi. Ukipata pigo moja safi, ndipo ukate kamba. Kipande cha tyubu ya baiskeli hufaa kuliko kamba ya plastiki, kwa sababu hurudi chenyewe.

Rangi nzito inapunguza mlio. Nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa inatosha. Na kama kuna atakayekushauri upake sifa, yaani mafuta ya papa, kwa kuwa inalinda majahazi, ni kweli inalinda, ila mpigaji atakaa peke yake.