Athari si madhara

Juzi kwenye kikao cha mtaa hapa Dodoma, mtaalamu mmoja alisimama akasema amefanya tathmini ya athari za kuota moto majumbani. Akataja moshi, kikohozi na miti kukatwa, kisha akakaa. Tukampigia makofi. Nimelisikia neno athari likitumiwa hivyo, kana kwamba ni madhara tu, mara nyingi mno.

Tathmini ya athari kwa mazingira ni kupima jambo litabadilisha nini kwenye ardhi, maji, hewa na maisha ya watu, kwa kiasi gani na wapi, kabla hujaamua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaidai kwa miradi. Jiko la nyumbani halidaiwi cheti, ila upimaji ni uleule.

Athari limetoka kwenye Kiarabu, athar: alama inayobaki kitu kikishapita, kama unyayo mchangani. Madhara ni ya ukoo mwingine, ukoo wa dhara na kudhuru. Unyayo haujasema kama aliyepita ni mwizi au mgeni; lazima uufuate. Fedha ya mkaa inayomlipia mtoto wa mchoma mkaa sare ya shule nayo ni athari, na haimo kwenye orodha ya mtaalamu wetu. Tathmini nayo ni ndugu wa thamani. Asiyetaja kiasi hajatathmini.

Chukua Julai yetu, baridi na upepo. Jiko la mkaa huwashwa nje, likapepewa mpaka moshi uishe, ndipo likaingizwa chumbani na dirisha likafungwa. "Halina moshi hilo," utaambiwa. Lakini mkaa uliokolea hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke. Ukifuata unyayo nyuma zaidi unafika kwenye tanuri la udongo porini, ambako kilo 1 ya mkaa imekula kilo 5 hadi 10 za kuni. Moshi ambao hukuuona sebuleni uliachwa huko. Na anayenunua hita ya umeme asidhani amefuta unyayo: ameuhamishia bwawani, au kwenye mtambo wa gesi. Huenda ni mdogo zaidi, lakini hilo hujulikana kwa kupima.

Wenzetu wa miji ya baridi walijifunza hili kwa machungu. London, Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ya majumbani na viwandani uliganda juu ya jiji siku 5, ukaua watu wasiopungua 4,000. Sheria ya hewa safi ikaja mwaka 1956.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtaalamu, karatasi yako ni nzuri na tunaihitaji. Ibadilishe kichwa tu, iite "Madhara ya mkaa". Lile la tathmini tuliweke kando kwanza, mpaka tupite pamoja nyumba kwa nyumba na mizani, tupime gunia la Julai linakwisha kwa siku ngapi.