Je, wajua kwa nini Marekani kuna mahakama za maveterani peke yao?

Wengi wakisikia mahakama ya maveterani wanadhani ni mahakama ya kijeshi. Hapana, ile ya kijeshi ni ya askari aliyeko kazini, hii ni korti ya kawaida ya raia ila jaji ametenga siku maalum ya kusikiliza kesi za watu waliowahi kuvaa gwanda.

Habari yenyewe inaanzia Buffalo, jimbo la New York. Jaji Robert Russell alikuwa anasimamia kesi za watu wenye shida ya madawa ya kulevya na afya ya akili, akaona maveterani wanazidi kujaa mbele yake. Sasa mwaka 2006 kaletwa mmoja aliyepigana Vietnam, matibabu yake hayasogei kabisa, kainama tu, akiulizwa kitu hajibu cha maana. Jaji akawaomba watu wawili waliokuwa pale kortini, nao walipigana Vietnam, wamtoe nje kwenye korido waongee naye. Aliporudi kasimama mguu pande kama yuko gwaride, mikono nyuma, kifua mbele, anamtazama jaji usoni, akasema atajitahidi. Miezi yote ya dawa na ushauri haikufanya kile kilichofanywa na maongezi mafupi ya watu waliopita kulekule alikopita yeye. Januari 2008 Russell akafungua korti ya maveterani, na ingawa Anchorage kule Alaska walishajaribu kitu kama hicho 2004, ya Buffalo ndiyo iliyoigwa nchi nzima, leo ziko mamia.

Kwa nini lakini wanaishia kortini? Mtu katoka Iraq au Afghanistan, usingizi hamna, mlango ukibamizwa anaruka, au ubongo ulitikiswa na bomu la kutegwa barabarani, basi anajituliza kwa pombe na vidonge mpaka siku anakamatwa anaendesha gari amelewa au kapigana mtaani. Ukimfunga anatoka na kiwewe kilekile.

Kwa hiyo anapewa kuchagua kati ya korti hii na kesi ya kawaida, halazimishwi. Akikubali ni mwaka mmoja mpaka miwili hivi, mwanzoni anaripoti kwa jaji kila wiki au kila baada ya wiki mbili, anapimwa mkojo bila kuambiwa mapema, anahudhuria tiba, na afisa wa wizara ya maveterani anakuwepo humohumo kortini kumpangia miadi ya hospitali. Halafu kuna mlezi wake, veterani mwenzake anayejitolea, huyu ndiye wa kumpigia usiku mambo yakizidi. Akikiuka anaweza hata kulala mahabusu siku kadhaa, akimaliza mashtaka yanafutwa au yanapunguzwa.

Wapo wanaosema huu ni upendeleo, mbona fundi bomba mwenye kiwewe hana korti yake? Hoja ni nzito, na mimi ningependa naye apate. Ila mwaka 2009 Mahakama Kuu kabisa ya nchi, kwenye kesi ya George Porter aliyepigana Korea, ilisema taifa lina desturi ya muda mrefu ya kuwaonea huruma maveterani.

Kinachoniuma ni karatasi ya kuachishwa jeshi, ile inayoonyesha mtu aliondokaje. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu mara nyingi hapati matibabu ya wizara, na korti nyingine hazimpokei kabisa, wakati huo utovu wenyewe, ulevi, utoro, kugombana na wakubwa, unaweza kuwa ndiyo kiwewe kilipoanza kujionyesha.