Bloki ya trekta ikivuja, hiyo weldingi wacha kwanza

Mwezi huu nimeletewa bloki mbili za trekta ya Massey 135, ule mwili wa injini wenye njia za maji ya kupoza, zimechomwa ubavuni, na wenyewe wote wanaingia hapa Kariobangi na maneno yaleyale, "fundi, ufa ni mdogo tu, tulichoma lakini bado inatoa maji." Ulikuwa mdogo, ndio. Kabla mchome.

Watu wanadhani chuma ni chuma. Bloki ni kasti, chuma ya kumiminwa kwa kalibu, ina kaboni nyingi kuliko chuma ya geti, sasa ukiipiga na rodi za kawaida pale kando ya mshono panakuwa pagumu kama kioo, na ikianza kupoa inajivuta, pa! ufa mpya, saa ingine unausikia kwa maskio. Kesho wanachoma huo mpya, kesho kutwa mwingine, na ulianza ukiwa wa inchi moja. Kuna rodi za nikeli, ghali, na hata hizo unachoma inchi moja, unagongagonga mshono na nyundo ndogo ukiwa bado moto, unangoja mpaka uweze kuushika na mkono ndio uendelee. Nani ako na hiyo subira na mwenye trekta anapiga simu kila dakika kumi?

Na hapo nimekubali ni ufa kweli. Mara nyingi hata si ufa. Kuna vile visahani vya chuma vimepigwa kwa matundu ya ubavu wa bloki, vinaliwa na kutu kutoka ndani, maji yanateremka pole pole mtu anaapa bloki imepasuka. Unatoa kisahani, unasafisha tundu, unapiga kipya, basi. Ama ni wota pampu, ama gasketi ya hedi. Osha injini, ikauke, pampu presha kwa rejeta injini ikiwa baridi, isipite ile imeandikwa kwa kifuniko, halafu kaa hapo na tochi.

Ikiwa ni ufa wa nje kwa njia ya maji, mimi sichomi. Natoboa katundu ka milimita 3 hivi kila mwisho usiendelee kukimbia, halafu nashona na skrubu zinazokanyagana mpaka ufa wote uishe. Kama ni kadogo sana hata epoksi ya chuma inashika, lakini maji umwage, rangi itoke mpaka chuma king'ae, grisi ioshwe, na trekta ilale. Si upake saa nne na saa tano uko shamba.

Yai na bizari kwa rejeta? Inaziba, sikatai, lakini inaziba na mirija ya rejeta pia. Kutoa thermostati, ile vali ya kuzuia maji mpaka injini ipate moto, hakuzibi kitu, unamaliza dizeli tu. Na hii ya "koolanti ni ya nchi za barafu", ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, jameni, Nairobi tuko karibu mita 1,800, maji matupu yanachemka kwa digrii 94 hivi, na ndiyo hayo yanaleta kutu ya visahani. Bloki zetu hazipasuki na barafu, zinapasuka na yule kijana anaona mvuke anakimbia na ndoo ya maji baridi.

Lakini ukivuta dipstiki upate oili imekuwa kama chai ya maziwa, sahau epoksi na hizo skrubu, maji yameingia ndani. Usiiwashe hata ya kuileta kwangu. Pakia kwa lori.