Uoni hafifu si upofu: yazingatiwe haya kabla ya usajili wa mitihani

Kila msimu wa usajili wa watahiniwa unapofika, sisi tunaoshughulikia elimu maalumu hupokea malalamiko yaleyale. Mtoto mwenye ualbino kaletewa karatasi ya maandishi ya kawaida, au kaletewa ya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, ilhali anaona. Wazazi wanamlaumu msimamizi wa mtihani, lakini kosa lilishafanyika miezi kadhaa nyuma, pale fomu ilipojazwa kwa kukisia.

Mtoto huhesabiwa kuwa na uoni hafifu endapo jicho lake lililo bora, hata akivaa miwani inayomfaa, lina kipimo cha chini ya 6/18. Yaani kile ambacho mwenye macho mazima anakisoma akiwa mita 18, yeye hakisomi hata akisogea hadi mita 6. Aliye chini ya 3/60 ndiye asiyeona. Kati ya vipimo hivyo viwili wamo watoto wengi wenye ualbino, na wanachohitaji ni maandishi makubwa, wino uliokolea na lenzi ya kukuzia. Nukta nundu si yao, isipokuwa daktari wa macho athibitishe kwamba uoni unazidi kushuka.

Hata hivyo bado zipo shule zinazowafundisha nukta nundu. Mtazame mtoto huyo anaposoma: vidole havifanyi kazi yoyote. Ameinama, pua inakaribia kugusa karatasi, anatafuta vivuli vya nukta kwa macho. Anaumia shingo na macho kwa maandishi ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya macho. Jambo hili tumelisema sana, na tunaomba likome.

Utaratibu ni huu. Mzazi ampeleke mtoto kwa daktari wa macho katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, aombe taarifa ya maandishi inayoonesha kipimo cha kila jicho, bila miwani na akiwa na miwani. Nakala moja abaki nayo, nyingine ampe mwalimu mkuu, ambaye ataiwasilisha kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kabla usajili haujafungwa, mzazi aombe kuoneshwa aina ya mahitaji iliyojazwa mbele ya jina la mwanawe. Karatasi za maandishi makubwa huandaliwa kwa kufuata taarifa za usajili, hivyo marekebisho ya dakika za mwisho yanaweza yasimfikie mtoto. Kwa suala mahususi, mwongozo wa Baraza la Mitihani la Tanzania ndio unaofuatwa, si makala haya.

Watahiniwa wenye uoni hafifu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa mbili, basi, utaongezwa dakika 40 kwa Hisabati, na dakika 20 kwa somo jingine. Wapo wanaosema huo ni upendeleo, tena baadhi yao ni walimu. Anayesoma kwa lenzi huona maneno mawili matatu kwa wakati mmoja, na grafu huiona vipandevipande. Upendeleo uko wapi hapo?

Mzazi anayemwacha mtoto nyumbani kwa sababu "haoni" ajue kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto elimu. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Tungependelea tusifike huko.

Tukisubiri vifaa, yapo yasiyohitaji bajeti. Simu nyingi za kisasa zina huduma ya kukuza maandishi ndani yake, bila malipo. Mtoto akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, kamwe asilielekee. Na shule zinazowavua kofia watoto wenye ualbino kwa hoja ya sare ziache: ukingo wa kofia unapunguza mwanga unaowaumiza macho, kwa hiyo ni kifaa saidizi sawa na lenzi, na mwalimu wa zamu hana sababu ya kuigusa.